Ngao ya Wazee

Kocha George alipewa firigisi. Chrispinus, mwanamume pekee wa boma lile tangu baba yake afariki, aliisogeza sahani mbele ya mgeni kwa mikono miwili, na kocha akaitafuna polepole huku akitazama mabati kana kwamba huko juu ndiko angepata pa kuanzia maneno yake. Navalayo, mke wa Chrispinus, alikaa mlangoni na mtoto mapajani. Yeye ndiye aliyemfukuza yule kuku asubuhi, akamchinjisha, akamnyonyoa, akasonga obusuma, ugali wa mtama, kwa kuwa Chrispinus alisema kocha hapendi wa mahindi. Furaha ilimwenea mwilini. Kocha hakuwa mtu wa kutoka Shieywe mpaka Navakholo kwa baiskeli bila neno jema.

Na neno jema lilikuwapo. Ligi ya hoki ya vijana pale Kakamega ilikuwa ya wasiozidi miaka kumi na tisa, lakini kila timu iliruhusiwa kuwa na wachezaji watatu waliopitisha umri. Watu waliwaita wazee, ingawa hata mkubwa wao hakuwa na ndevu za kutosha kunyolewa. Kila mwisho wa msimu mmoja wao alipewa ngao: yule aliyecheza vizuri zaidi na kuwalea wadogo uwanjani. Ngao yenyewe ilikuwa ubao uliopigwa vanishi na kubandikwa shaba. Kilichowakosesha wazee usingizi ni kilichofuata. Kila mwaka aliyeipata alichukuliwa na kiwanda cha sukari cha Lusumu, akapewa kazi ya kudumu na kuingia katika timu yao ya wakubwa.

"Yamebaki majina mawili," kocha alisema, akijifuta midomo. "La huyu, na la kijana mmoja wa Malava. Na yule wa Malava, Mama, hamfikii huyu hata magotini."

Mama Rosebella, mamake Chrispinus, akapiga makofi mara moja, akayashika mashavu yake. "Mungu wangu."

"Lakini kuna shida kidogo." Kocha alimtazama mama mkwe, hakumtazama Navalayo. "Ngao ni ya Mama Kageha. Mume wake, yule mwalimu marehemu, ndiye aliianzisha, na aliweka sharti. Hapewi kijana ambaye ameoa. Mama Kageha anasema hao wazee ndio watoto wanaangalianga. Kama mtu ana bibi na mtoto na bado anaomba nauli ya mazoezi, watoto watajifunza nini?"

Mitchel, mtoto, akavuta kifungo cha blauzi ya mamake.

"Sasa mimi nauliza tu, Mama," kocha akaendelea. "Hawa wamefunga ndoa kanisani?"

"Bado," akasema Mama Rosebella.

"Ng'ombe wa mahari wamefika kwa wazazi wa msichana, Likuyani?"

"Mmoja."

"Basi. Hapo hata si uongo sana." Kocha akanyoosha mikono ili anawishwe.

Navalayo akamweka mtoto chini, akachukua birika na beseni, akapiga magoti mbele yake. Alimwagia maji vidole vilivyong'aa mafuta ya kuku wake, na kocha akasema asante bila kuinua macho. Yote yaliyobaki yalizungumzwa hapo hapo juu ya kichwa chake: kwamba siku ya fainali asionekane, na kama ni lazima aonekane, basi yeye ni dada ya Chrispinus. Mama Rosebella alikuwa akiitikia kila neno kabla halijaisha.

"Wewe Mama Mitchel umesikia?" mama mkwe akamuuliza.

"Nimesikia, Mama."

"Ni siku moja tu."

*

Chrispinus alimfuata shambani jioni hiyo. Navalayo alikuwa akipalilia, na aliendelea kupalilia.

"Nava, umekasirika."

"Sijakasirika."

"Mimi sikumwambia kocha aseme hivyo. Yeye mwenyewe ndiye alikuja nayo."

"Na wewe ulisema nini?"

Chrispinus alikwangua udongo kwa ncha ya gongo lake la hoki. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa akiinuka kabla yake kumchotea maji wakati wa ujauzito, na vijana wenzake walimcheka kwa hilo. Alikuwa akirudi mazoezini amechoka hoi na bado akambeba mtoto mgongoni mpaka alale. Navalayo aliyajua yote hayo, na ndiyo yaliyomfanya akaze jembe.

"Nikipata ile kazi," Chrispinus alisema, "mwezi wa kwanza tu ng'ombe waliobaki wataenda kwenu. Mwezi wa pili nawachukua, wewe na Mitchel. Kule wafanyakazi wanapewanga nyumba. Za mawe, na mfereji wa maji uko nje ya mlango. Hutabeba ndoo tena. Nikishaingia, nitawaambia wazi. Hawawezi kunifukuza nikiwa ndani."

"Nataka kuja kuona mechi."

"Nava..."

"Miaka yote hii nakufulia hiyo jezi sijawahi kuona unacheza. Nitasimama mbali."

Chrispinus akatazama upande wa nyumbani kana kwamba mamake angesikia. "Basi simama upande wa miti," akasema. "Usije karibu na meza ya zawadi."

*

Alisimama upande wa miti. Uwanja ulikuwa wa shule moja nje kidogo ya mji, nyasi zimekatwa kwa mapanga asubuhi ile, na chokaa ya mistari ilikuwa bado mbichi. Navalayo hakujua sheria za mchezo. Alijua tu kwamba pale katikati alikuwapo mtu anayeitwa na kila mmoja, na mtu huyo alikuwa mume wake.

"Mzee! Mzee! Hapa!" walimlilia watoto wa timu yake, na yeye aliwapa mpira kila mmoja kadiri ya uwezo wake, huyu polepole, yule kwa nguvu. Aliyeanguka alimwinua. Aliyekosea alimpiga kofi la mgongo, akamrudisha mahali pake. Kipindi cha pili kikielekea kwisha, mabao yakiwa sawa, Chrispinus alimpita beki wa mwisho akabaki na kipa peke yake. Uwanja mzima ukainuka. Angepiga mwenyewe, na pengine angefunga. Badala yake aliusukuma mpira upande, kwa Sammy, mtoto mdogo kuliko wote wa timu, ambaye msimu mzima hakuwa amefunga na alikuwa akilia kila baada ya mechi. Sammy akaugusa, ukaingia.

Navalayo alipiga kelele. Alisahau miti, akasahau meza. Alijikuta yu katikati ya mashabiki waliomiminika uwanjani, Mitchel akirukaruka mgongoni, na machozi yakimtoka, akifikiria kwamba mwanamume aliyemchagua katika dunia hii hakika alikuwa mtu.

Wachezaji walipangwa mbele ya meza. Mama Kageha alikuwa mwanamke mzee, mwembamba, amevaa suti ya buluu na kofia ya kanisani, sauti yake ya chini na ya upole. Hakuwa na ukali wowote. Alimshika Chrispinus mkono kwa mikono yake yote miwili, akawaambia watu kwamba katika miaka yote ya ngao ile hajaona pasi kama ile. Kocha George alikuwa nyuma yake, akitabasamu na kutokwa jasho.

Hapo Mitchel akamwona babake. Alikuwa ndiyo kwanza anajifunza kusema, na maneno yake hayakuzidi manne au matano. Akanyoosha mikono yote juu ya bega la mamake, akaita kwa sauti iliyopasua uwanja:

"Baba! Baba!"

Watu waliokuwa karibu wakageuka. Mama Kageha naye akageuka. Akamtazama mtoto, akamtazama Chrispinus, akamtazama Navalayo.

"Huyu mtoto anamwita nani?" akauliza.

Navalayo alimtazama mume wake. Alimngojea. Hata baadaye, kila alipojiuliza, alikuwa na hakika kwamba alimngojea vya kutosha. Chrispinus alikuwa ameinamisha kichwa, macho kwenye viatu vyake, na shingo yake ilikuwa imevimba mishipa kama ya mtu aliyebeba gunia.

"Ni mimi dada yake, Mama," akasema Navalayo. "Huyu mtoto ni wangu. Anamwita mjomba wake hivyo kwa sababu hana baba."

Alishangaa jinsi ilivyotoka laini, kama kitu alichokifanyia mazoezi.

Uso wa Mama Kageha ukalegea kwa huruma. Akaja mpaka alipo, akamgusa mtoto shavuni. "Pole, binti yangu," akasema. "Umeharibikiwa mapema. Lakini Mungu hakutupi." Kisha akawageukia watu, akapaza sauti yake ndogo. "Mmeona? Kijana huyu hana kazi, hana baba, na bado amembeba dada yake aliyeanguka, pamoja na mtoto wa watu. Marehemu mume wangu aliitengenezea ngao hii mtu wa namna hii."

Watu wakapiga makofi. Walimpigia Chrispinus, na wengine waliokuwa karibu na Navalayo walimtazama kuanzia kichwani mpaka miguuni huku wakipiga. Mwanamke mmoja akamwambia mwenzake, bila kujisumbua kunong'ona, "Na ni mtoto sana. Hawa wasichana." Chrispinus akapokea ngao. Mitchel alikuwa bado akilia akimtaka, na Navalayo akamfunika kichwa kwa leso, akarudi upande wa miti.

*

Chrispinus aliondoka kwenda Lusumu kabla mahindi hayajakomaa. Alimshika mkono Navalayo nyuma ya jikoni, akamwambia, "Lile neno ulilosema, sitalisahau mpaka nife." Navalayo akaamini, maana alikuwa akilia aliposema.

Mwezi wa kwanza ukapita. Ikaja sukari, na pesa kidogo, zikaja mikononi mwa Mama Rosebella. Ng'ombe hawakwenda Likuyani. Mwezi wa pili akaja mwenyewe, akalala siku moja, akasema bado yuko katika majaribio na si vizuri kuanza kudai nyumba. Baada ya hapo zikawa zinakuja salamu tu.

Kisha siku moja wakafika akina mama watatu wa kanisa kutoka mjini, wametumwa na Mama Kageha na mfuko wa nguo kuukuu. "Tumemletea yule dada yake Chrispinus," wakasema. "Yule mwenye mtoto asiye na baba."

Mama Rosebella aliwakaribisha, akawakalisha, akamwita Navalayo kwa sauti ya juu isiyokuwa yake. "Mukhana wanje, njoo usalimie wageni." Binti yangu! Tangu aolewe hakuwahi kuitwa hivyo. Navalayo akatoka jikoni na mikono ya majivu. Mmoja wa wale akina mama akamwombea, akiwa amemwekea mkono kichwani, akimsihi Mungu amwondolee tamaa za ujana na kumpa mume wa kumstahi. Jirani aliyekuwa akipita njiani, aliyekuwapo siku Navalayo alipoletwa pale na vigelegele, alisimama akasikiliza ombi lote mpaka amina, akaenda zake akitikisa kichwa.

Wageni walipoondoka Navalayo aliuweka ule mfuko mbele ya mama mkwe.

"Mama, hii siku moja itaisha lini?"

"Wewe unataka mtoto wangu afukuzwe?" Mama Rosebella akamjibu. "Unakula sukari ya nani?"

Asubuhi iliyofuata Navalayo alimvalisha Mitchel gauni, akamfunga mgongoni, akachukua njia ya Lusumu. Hakuaga.

*

Askari wa lango la kiwanda alikuwa mtu mchangamfu. "Chris? Chris wa hoki? Nani hamjui! Na wewe, siste, ni nani wake?"

"Mke wake."

Askari akacheka, akapiga kiganja chake pajani. "Chris hana bibi! Tunamchekanga kila siku na hiyo chumba yake ya makapera. Yeye ana dada tu, kule Navakholo, mwenye..." Akaona mtoto. Kicheko kikamkwama. "Ngoja hapo kidogo, mama," akasema, na sauti yake ikawa nyingine.

Alimwita afisa wa michezo na makazi, mwanamke mrefu wa Kinandi aitwaye Bi. Jepkemboi, ambaye alimwingiza ofisini, akampa kiti, akamtafutia mtoto chai ya maziwa. Navalayo alikuwa amepanga njiani jinsi atakavyomtetea mume wake. Akaanza mara moja, kabla hajaulizwa.

"Madam, naomba asifukuzwe. Alificha kwa sababu ya sharti. Kosa ni letu sote. Mimi mwenyewe nilisema uongo mbele ya watu."

"Sharti gani?"

"La kutooa."

Bi. Jepkemboi aliweka kikombe chini. "Hilo ni la ngao," akasema. "Ni mambo ya Mama Kageha na wachezaji wake. Sisi hapa tunataka mtu ambaye anacheza na kufanya kazi. Karibu nusu ya timu yangu wana wake. Mwenye familia tunampa nyumba ya vyumba viwili, pale nyuma ya zahanati." Alionekana kama mtu anayeona anaenda wapi na hapendi kufika. "Mama, mimi nilimuuliza. Siku ya kwanza kabisa. Nikamwambia, kama una familia useme sasa, kwa sababu nyumba zinaisha."

"Akasema nini?"

"Akasema yuko peke yake."

Navalayo akapuliza chai ya mtoto. Ilikuwa imeshapoa, lakini akaendelea kuipuliza.

Chrispinus aliitwa. Alikuja na vijana wawili wa zamu yake, ovaroli mpya, nywele zimechongwa kimjini. Alikuwa amenenepa kidogo na amependeza. Alipomwona pale kibarazani, mguu wake mmoja ukasita. Mwenzake mmoja akawahi kumpa Navalayo mkono.

"Huyu ni nani, Chris? Ndiye yule dada?"

Hapakuwa na meza. Hapakuwa na ngao wala kocha anayetokwa jasho. Bi. Jepkemboi alikuwa amesimama mlangoni pa ofisi yake, naye alijua kila kitu. Chrispinus akamtazama Navalayo, na Navalayo akamngojea tena.

"Ndiye," akasema Chrispinus. "Dada yangu."

Mitchel alimtazama yule mtu wa ovaroli kwa makini, kisha akaficha uso wake shingoni mwa mamake. Alikuwa amemsahau.

Wenzake walipoondoka ndipo alipomvuta Navalayo kando na maneno yakaanza kumtoka kwa haraka. Kwamba alishtuka. Kwamba ukishasema jambo mara ya kwanza, la pili linajisema lenyewe. Kwamba hapa kila mtu anamheshimu kwa ile habari ya dada, Mama Kageha aliieneza mpaka kwa wakubwa, na akisema leo kuwa ilikuwa uongo watamwonaje?

"Na siku ya kwanza, alipokuuliza huyu madam?" akauliza Navalayo. "Siku hiyo ulishtuliwa na nini?"

Kwa mbali king'ora cha zamu kikalia.

"Nilitaka kupumua kidogo," Chrispinus akasema hatimaye. Ndilo neno la kweli alilolisema siku hiyo, na aliona haya kulisema. "Nava, sikuwahi kuwa kijana. Kidogo tu. Mwisho wa mwezi nitakuja kukuchukua. Naapa. Nitakuja kukuchukua."

"Utamchukua nani?" akasema Navalayo. "Dada yako?"

Akamrekebisha mtoto mgongoni, akakaza leso. Bi. Jepkemboi alimfuata mpaka langoni, akataka kumpa nauli, na Navalayo akaipokea kwa kuwa alikuwa nayo ya kwendea tu. Hilo nalo likamuuma.

*

Hakurudi Navakholo. Alishika njia ya kaskazini, akalala kwa shangazi yake mmoja njiani, akafika Likuyani kesho yake adhuhuri, viatu mkononi. Mamake alikuwa akianika mahindi uani. Alimwona binti yake akiingia, akamwona na mjukuu, akaacha kila kitu.

"Mwanangu! Hata hamkutuma habari! Na mkwe wangu hajambo?"

"Hajambo, Mama. Amepata kazi. Kiwandani."

"Kazi ya kudumu?"

"Ya kudumu."

Mamake akapiga kigelegele pale pale, kirefu, akiwa na mahindi mikononi. Majirani wa ng'ambo ya ua wakatokeza vichwa, naye akawatangazia: mkwe wangu ameingia kiwandani! Mkwe wangu! Wakaitikia kwa furaha ya kweli. Navalayo aliketi kwenye ukingo wa kibaraza, akaanza kufuta vumbi la miguu, kidole kwa kidole.

"Na nyumba je?" mamake akauliza, akija kuketi karibu, uso ukimng'aa. "Wamempa nyumba?"

"Wamempa."

"Kubwa?"

Navalayo akaendelea kufuta miguu.

"Ya chumba kimoja," akasema. "Ya makapera."

Mamake akabaki amemtazama. Majirani walikuwa bado wakipiga vigelegele. Taratibu akanyoosha mikono, akamfungua mjukuu kutoka mgongoni mwa binti yake, akaingia naye ndani bila kuuliza kitu kingine.